Kuomba Hukumu ya Damu Ipunguzwe: Hadithi ya Usama na Mahala Pake

  

Mama mmoja katika mji wa pwani ya Kenya alimwendea imamu wa msikiti wa mtaani kwao baada ya sala ya Alasiri. Mwanawe alikuwa amehukumiwa kifungo cha miaka 40 kwa kumuua kijana mwenzake kwa kisu katika ugomvi wa usiku. Mama hakudai kuwa mwanawe hakuua, kwani kijana mwenyewe alikwishakiri. Wakili alikuwa amewaeleza kuwa wanaweza kukata rufaa isiyopinga hatia bali inayopinga uzito wa adhabu peke yake, na akawashauri watafute watu wa heshima watakaozungumza na wafiwa. Mama akamuomba imamu awe mmoja wao. Imamu akamjibu kwa upole kwamba dini imelikataza jambo hilo, akamsimulia kisa cha Usama bin Zayd (r.a.) na yule mwanamke wa Kimakhzumi. Mama akainuka akaenda zake.

Imamu huyo ndiye aliyetusimulia, na akatuuliza kama alijibu sawa. Tulimwambia kuwa hadithi aliyoitaja ni sahihi, lakini ameiweka pasipo mahala pake. Kwa kuwa tumewasikia wengine wakiitumia vivyo hivyo, tumeona tueleze kwa urefu kidogo namna Waislamu wa mwanzo walivyoliendea suala la kupunguza hukumu iliyotolewa juu ya mtu aliyemwaga damu.

Hadithi ya Usama ilihusu nini

Mwaka wa 8 Hijria (630 Miladia), wakati wa kufunguliwa Makka, mwanamke wa ukoo wa Bani Makhzum aliiba. Ukoo huo ulikuwa mkubwa miongoni mwa Makureshi, nao wakaona aibu mkono wa mwanamke wao kukatwa. Wakamtuma Usama bin Zayd, kwa kuwa Mtume (s.a.w.) akimpenda sana. Mtume akabadilika uso, akamkemea kwa kuombea katika haddi miongoni mwa haddi za Mwenyezi Mungu, kisha akasimama kuhutubia. Akaeleza kuwa waliotangulia waliangamia kwa sababu walimwacha mtukufu akiiba na kumsimamishia adhabu mnyonge, na akaapa kuwa hata lau angekuwa Fatima binti Muhammad, adhabu isingemwepuka. Hadithi hii imo katika Bukhari na Muslim kutoka kwa Bibi Aisha (r.a.).

Kosa lilikuwa wizi, nalo ni katika haddi, yaani adhabu ambazo ni haki ya Mwenyezi Mungu na zimekadiriwa na Sharia. Shauri lilikuwa limeshamfikia mtawala. Na aliyekuwa akitetewa hakutetewa kwa unyonge wake bali kwa ukubwa wa ukoo wake. Kisa cha Safwan bin Umayya kinazidi kubainisha: aliibiwa shuka yake, mwizi akahukumiwa, Safwan akaingiwa na huruma akataka kumwachia ile shuka. Mtume (s.a.w.) akamuuliza kwa nini hakufanya hivyo kabla ya kumleta kwake.

Hayo ndiyo yaliyokatazwa. Damu ya mtu ina mlango wake mwengine kabisa.

Tusome kwa makini aya ya 178 ya Suratul Baqara. Mwenyezi Mungu amefaradhisha kisasi katika waliouawa, na papo hapo, katika aya ile ile, akataja kuwa muuaji akisamehewa chochote na ndugu yake basi upande mmoja ufuatilie kwa wema na upande wa pili ulipe kwa ihsani. Kisha akaliita jambo hilo takhfifu kutoka kwa Mola wetu, na rehema. Takhfifu maana yake ni kupunguza uzito. Ibn Abbas (r.a.) alieleza kuwa Wana wa Israili walikuwa na kisasi na hawakuwa na dia, na umma huu ukapunguziwa. Basi mwenye kusema kuwa kuomba adhabu ya damu ipunguzwe ni kuchezea sheria ya Mwenyezi Mungu, na aangalie ni nani aliyelitaja neno hilo kwanza.

Na muuaji ameitwa ndugu katika aya hiyo. Wafasiri hawakuliacha neno hilo lipite, kwa maana linathibitisha kuwa damu aliyoimwaga, pamoja na ukubwa wa dhambi yake, haikumtoa katika udugu wa imani.

Imepokewa katika Sunan Abi Dawud kutoka kwa Anas bin Malik (r.a.) kwamba hakuona Mtume (s.a.w.) akipelekewa shauri lolote la kisasi ila aliamrisha msamaha. Maulamaa wamelieleza neno kuamrisha hapa kwa maana ya kuhimiza, kwa sababu haki ni ya mawalii wa damu, yaani warithi wa aliyeuawa, na hawalazimishwi. Lakini ni nani aliyekuwa akihimiza? Alikuwa ni hakimu mwenyewe.

Mtu aliyeburutwa kwa kamba

Kisa kinachofaa kusomwa na kila mwenye kuhukumu au kuombea ni kile alichokipokea Muslim kutoka kwa Wail bin Hujr (r.a.). Mtu mmoja alikuja kwa Mtume (s.a.w.) akimburuta mwengine kwa kamba ya ngozi, akasema kuwa huyu amemuua ndugu yangu. Mtume akamuuliza mshitakiwa kama ameua, akakiri. Wengi wetu tungedhani shauri limekwisha hapo. Mtume hakuishia hapo, akamuuliza: ulimuua vipi?

Yule mtu akaeleza kuwa walikuwa pamoja wakipukutisha majani ya mti, mwenzake akamtukana, akamghadhibisha, naye akampiga kwa shoka upande wa kichwa. Mtume akamuuliza kama ana chochote cha kujilipia. Akasema hana ila nguo yake na shoka lake. Akamuuliza kama jamaa zake wanaweza kumkomboa. Akajibu kuwa yeye ni dhalili mno mbele ya jamaa zake, hawatamnunua kwa lolote. Hapo Mtume akamrushia walii ile kamba, akamwambia amchukue mtu wake.

Hukumu ilikuwa imeshatolewa na mtu ameshakabidhiwa. Alipogeuka kwenda zake, Mtume (s.a.w.) akasema kuwa akimuua basi atakuwa mfano wake. Maneno yakamfikia yule walii, akarudi kuuliza: imekuwaje, nami nimemchukua kwa amri yako? Mtume akamuuliza kama hataki muuaji abebe dhambi yake na dhambi ya ndugu yake aliyeuawa. Akasema nataka. Akaiachia kamba, akamwacha aende.

Tuyaangalie maswali yale. Mtume aliuliza namna ya kuua, silaha iliyotumika, kilichotangulia kabla ya pigo, mali ya muuaji na hali yake kwa watu wake. Hakuna hata moja kati ya hayo linaloondoa hatia ya mtu aliyekwisha kukiri. Yote yanahusu lipi afanyiwe. Na walii aliporudi baada ya kukabidhiwa hakufukuzwa kwa hoja kwamba hukumu imeshapita.

Kwa upande wa hukumu kupelekwa juu zaidi, wanahistoria huzoea kutaja kisa cha watu wa shimo la simba kule Yemen. Watu wanne walitumbukia shimoni, kila mmoja akimshika mwenzake, simba akawajeruhi wakafa wote. Jamaa zao walikaribia kupigana kwa silaha. Ali bin Abi Talib (r.a.) akawahukumia dia za viwango mbalimbali: robo, theluthi, nusu na kamili, na akawaambia kuwa asiyeridhika aende kwa Mtume. Wasioridhika wakaenda kwa Mtume (s.a.w.) alipokuwa kwenye Maqamu Ibrahim, naye akaipitisha hukumu ya Ali. Ameipokea Imamu Ahmad katika Musnad, na isnadi yake imesemwa kwa ajili ya mpokezi Hanash, kwa hiyo hatuifanyi kuwa msingi pekee. Hata hivyo maana yake inakubaliana na mengine: mwenye kuona kiwango hakikumridhisha alionyeshwa njia.

Umar arejea kauli yake

Wanachuoni wa Kihanafi wamepokea kwa Ibrahim an-Nakhai kwamba Umar bin al-Khattab (r.a.) aliletewa mtu aliyeua kwa makusudi, akaamrisha auawe. Mmoja katika mawalii akasamehe. Umar akabaki na amri yake, kwa kuwa waliobaki wanadai haki yao. Abdullah bin Masud (r.a.) alikuwepo, naye akasema: nafsi ya muuaji ilikuwa ni ya mawalii wote, na huyu alipomsamehe ameihuisha nafsi hiyo, wala mwengine hawezi kuichukua haki yake bila ya kuichukua na ya aliyesamehe. Umar akamuuliza rai yake. Akasema awekewe dia katika mali yake, na ipunguzwe fungu la aliyesamehe. Umar akasema kuwa na yeye anaona hivyo hivyo.

Isnadi ya kisa hiki imekatika baina ya Ibrahim na Umar, lakini hukumu iliyomo ndiyo iliyosimamia Maimamu walio wengi: warithi ni kumi, akasamehe mmoja, kisasi kimeanguka kwa wote, na waliobaki wana haki ya fungu lao la dia. Wengi wao wamewatia wanawake katika haki hii, mke na binti na dada. Wafuasi wa Imamu Malik wana ufafanuzi wao unaotanguliza asaba wanaume. Katika mapokezi mengine ya zama za Umar, aliyesamehe alikuwa ni mwanamke, na Umar akampitishia.

Tunawauliza ndugu zetu maimamu: mnapoitwa kwenye kikao cha wafiwa na wazee wanaume wakasema kuwa ukoo umekataa, je, mama wa marehemu ameulizwa? Mjane ameulizwa? Mara nyingi wamo chumba cha pili wakisikiliza.

Uthman na mtoto wa Umar

Mwishoni mwa mwaka wa 23 Hijria (644) Umar (r.a.) alichomwa jambia na Abu Luluah, akafa. Mwanawe Ubaydullah, kwa ghadhabu na kwa kusikia kuwa wengine walionekana na muuaji kabla ya tukio, akachukua upanga akamuua Hurmuzan, mtu wa Fursi aliyekuwa amesilimu, na Jufayna aliyekuwa Mkristo, na binti mdogo wa Abu Luluah. Hakuwapeleka kwa hakimu wala hakuleta ushahidi.

Shauri hilo ndilo lililokuwa miongoni mwa ya kwanza mbele ya Uthman bin Affan (r.a.) alipopewa ukhalifa. Akawataka ushauri Masahaba. Ali na wengine waliona Ubaydullah auawe. Wengine wakasema: jana ameuawa Umar, leo auawe mwanawe? Uthman akaamua kuwa yeye, kama mtawala, ndiye walii wa wale wasiokuwa na walii, na kwa wadhifa huo akakigeuza kisasi kuwa dia, akailipa katika mali yake mwenyewe. Iko riwaya nyengine isemayo kuwa Hurmuzan aliacha mtoto, na mtoto huyo ndiye aliyesamehe.

Hukumu hiyo haikuwatuliza watu wote. Wapo walioendelea kuona kuwa damu ya mgeni imepimwa kwa mizani nyepesi kwa sababu aliyeimwaga ni mtoto wa Khalifa, na wanahistoria wametaja kuwa Ubaydullah aliuawa Siffin akiwa upande wa Muawiya. Sisi hatuingii katika kuwahukumu Masahaba. Tunachokizingatia ni hoja aliyoitegemea Uthman. Hakudai kuwa mtawala anaweza kusamehe damu ya watu kwa kuwa ni mtawala. Alisema kuwa amesimama mahala pa walii ambaye hayupo. Wanafunzi wa Abu Hanifa walikwenda mbali zaidi wakasema kuwa mtawala akiwa walii wa asiye na walii ana hiari ya kisasi au sulhu ya mali, lakini hana ruhusa ya kusamehe bure, kwa sababu haki si yake bali ni ya Waislamu wote.

Na Mtume (s.a.w.) katika Hija ya Kuaga, mwaka wa 10 Hijria (632), alipozifuta damu za zama za ujahili, alianza na damu ya mtoto wa Rabia bin al-Harith, naye ni wa ukoo wake. Alianza kusamehe kilichokuwa cha nyumba yake.

Hudba bin al-Khashram

Tumekiacha kisa hiki nyuma kwa sababu hakina mwisho wa kufurahisha, na waandishi wengi wa makala za msamaha hawakitaji.

Hudba bin al-Khashram alikuwa mshairi wa kabila la Udhra. Aligombana na Ziyada bin Zayd, naye mshairi wa ukoo wa karibu, kwa mashairi ya kukashifiana yaliyogusa heshima ya wanawake wao, mpaka Hudba akamuua Ziyada. Ndugu wa marehemu, Abdurrahman, akalifikisha shauri kwa Muawiya. Hudba alipotakiwa kusema, akakisimulia kisa chake kwa shairi, na ndani ya shairi akawa amekiri. Muawiya akauliza kama Ziyada ameacha mtoto. Akaambiwa ndiye, yuko Miswar, bado mdogo. Muawiya hakumpa ami haki ya kuua. Aliamrisha Hudba afungwe Madina mpaka mtoto abaleghe na achague mwenyewe.

Hudba akakaa gerezani miaka. Madina ilikuwa chini ya ugavana wa Said bin al-As, aliyeushika mji huo baina ya mwaka 49 na 54 Hijria. Miswar alipofikia umri, watu wakubwa wa Madina walikwenda kumuombea Hudba. Ibn Qudama katika al-Mughni anawataja Hasan na Husayn, wajukuu wa Mtume (s.a.w.), na Said bin al-As mwenyewe, kuwa walimpa kijana huyo dia 7. Dia moja ni ngamia 100. Kijana akakataa. Hudba akauawa.

Wanachuoni wa Kishafii na Kihanbali walikichukua kisa hiki kuwa hoja ya kwamba warithi wakiwa na mdogo ndani yao, kisasi husubiri mpaka abaleghe, na muuaji hufungwa kwa muda huo. Abu Hanifa na Malik waliona kuwa wakubwa wanaweza kutangulia. Lakini kwa somo letu kina hoja nyengine, nayo ni kuwa wajukuu wa Mtume walikwenda. Walikuwa wakiijua hadithi ya yule mwanamke wa Kimakhzumi na ya Usama kuliko sisi, na hawakuona kuwa inawazuia kubisha mlango wa kijana aliyefiwa na baba na kumuomba. Wala hawakuona kuwa utukufu wao unawapa haki ya kumlazimisha. Gavana wa mji alikuwa pamoja nao, askari na gereza viko mikononi mwake, na alipoambiwa hapana, hapana hiyo ikapita.

Mipaka ya uombezi

Asije mtu akafahamu kuwa tunafungua kila mlango. Uporaji wa njia kuu kwa silaha, yaani hiraba, umetengwa na Suratul Maida, aya ya 33 na 34. Humo msamaha wa mawalii hauondoi adhabu, kwa sababu anayetisha njia amewadhulumu watu wote. Kinachoangaliwa ni toba kabla ya kukamatwa. Hata hivyo, hapo pia Maimamu walipima uzito. Kwa Shafii, Ahmad na Abu Hanifa, aliyeua, aliyechukua mali na aliyetisha tu hawalingani. Imamu Malik akampa mtawala nafasi pana zaidi ya kuchagua. Na Malik ameongeza mauaji ya ghila, yaani kumhadaa mtu na kumuua kwa siri ili kuchukua mali yake, kuwa hayana msamaha wa walii.

Wala kusamehewa si kuachwa huru. Aliyeua kwa makusudi akasamehewa, kwa madhehebu ya Malik hupigwa mijeledi 100 na kufungwa mwaka mmoja. Al-Mawardi, aliyefariki mwaka 450 Hijria (1058), ameandika kuwa katika adhabu za taaziri uombezi na msamaha unajuzu, lakini mtawala anabaki na haki ya kumtia adabu mkosa kwa maslahi ya umma hata kama aliyedhulumiwa ameshasamehe. Nchi ya Pakistani iliujua umuhimu wa jambo hili kwa njia chungu. Sheria yake ya kisasi na dia ya mwaka 1990 iliwapa familia haki ya kusamehe, na katika mauaji ya wanawake kwa jina la heshima msamehevu akawa ni baba au kaka wa muuaji yule yule. Mwaka 2016 bunge likaweka kifungo cha maisha katika mauaji ya aina hiyo hata pakiwepo msamaha.

Tuliyo nayo katika nchi zetu

Mahakama za Kadhi za Kenya, kwa kifungu cha 170 cha Katiba ya mwaka 2010, zinahusika na ndoa, talaka, mirathi na hadhi ya mtu kwa Waislamu wenye kuridhia. Damu haimo. Makosa ya jinai yanafuata kanuni za adhabu zilizotungwa chini ya Waingereza mwaka 1930, Kenya na Tanganyika, na ndani yake mauaji ya kukusudia yalipewa adhabu moja tu, kunyongwa.

Lililojificha hapo ni kwamba adhabu ikiwa imefungwa na sheria, hapana pa kukata rufaa juu ya uzito wake. Aliyeiba kuku aliweza kumuomba hakimu amwangalie umri wake, watoto wake na majuto yake. Aliyehukumiwa kufa hakuwa na neno la kusema lenye faida. Yale maswali ya hadithi ya Wail, kwamba ulimuua vipi na nini kilitangulia, yalikuwa hayana kazi mara hatia ikithibiti.

Mlango ulianza kufunguka karibu na sisi. Uganda, katika shauri la Kigula, Mahakama ya Juu iliamua mwaka 2009 kuwa adhabu ya kifo ya lazima haikubaliani na katiba. Kenya, Mahakama ya Rufaa ikikaa Mombasa mwaka 2010 ilisema hivyo hivyo, baadaye majaji wengine wa mahakama hiyo wakaitengua rai hiyo, mpaka Mahakama ya Juu ilipolimaliza suala hilo tarehe 14 Desemba 2017 katika shauri la Muruatetu. Adhabu ya kifo haikufutwa, ila ulazima wake ulianguka, na jaji akatakiwa kuangalia umri wa mkosa, kama ni kosa lake la kwanza, majuto yake na uwezekano wa kurekebika. Julai 2021 mahakama hiyo ikaongeza kuwa uamuzi wake unahusu mauaji ya kukusudia tu, si wizi wa kutumia nguvu na mengineyo. Kuhusu Tanzania, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu yenye makao Arusha iliamua Novemba 2019 kuwa ulazima huo unavunja haki ya uhai.

Mwenye kukata rufaa juu ya uzito wa adhabu ajue analoliingia. Mahakama ya juu haiigusi adhabu kwa kuwa tu ingependa nyepesi zaidi. Huonyeshwa kuwa jaji alisahau jambo zito, au alizingatia lisilofaa, au adhabu imepita kiasi kwa wazi. Mafakihi wetu wana kanuni inayofanana, kwamba ijtihadi haivunjwi na ijtihadi mfano wake. Tena katika sheria ya Kenya, ukali wa adhabu haujadiliwi katika rufaa ya pili, na mahakama ya rufaa inaweza hata kuizidisha adhabu. Hayo ni ya wakili kuyaeleza.

Lakini wafiwa nao wanasikilizwa siku hizi. Sheria ya kuwalinda waathiriwa ya mwaka 2014 imewapa nafasi ya kusema mahakamani. Mwaka 2013 Mahakama Kuu ya Nairobi ilikubali shitaka la mauaji liondolewe baada ya familia mbili za Waislamu kusuluhishana kwa dia. Majaji wengine baada ya hapo wameikataa njia hiyo katika mauaji, wakisema jinai ni ya umma. Sisi tunaona upande wa pili una nguvu pale dia inapotumiwa kuzuia kesi isisikilizwe. Pahala pa sulhu ni baada ya ukweli kujulikana, wakati wa kupima adhabu. Na msamaha wa Rais, katika kifungu cha 133 cha Katiba, una kamati ya ushauri inayoruhusiwa kuzingatia maoni ya waliodhulumiwa. Inaruhusiwa, hailazimiki. Hapa ndipo tunapotofautiana na sheria hiyo kwa hoja ya Uthman: aliye na walii hai, asisamehewe muuaji wake juu ya kichwa cha walii huyo.

Hayo ndiyo tuliyomweleza imamu. Akarudi kwa yule mama, wakapanga wende kwa wafiwa yeye, mama na mzee mmoja wa mtaa, bila ya kijana wa kuwasindikiza na bila ya kutaja fedha siku ya kwanza. Tulimuusia asisome aya yoyote ya msamaha mpaka baba wa marehemu awe ameshazungumza kwanza. Alitusimulia kuwa walikaa zaidi ya saa nzima baba akimzungumza mwanawe: skuli aliyosoma, kazi aliyokuwa akijifunza, maneno aliyoyasema kabla ya kutoka usiku ule. Mama wa aliyefungwa alikuwa akilia, na mama wa marehemu, aliyekuwa chumbani, akatoka akamletea maji.

Hawakupewa jibu. Baba alisema warudi baada ya mwezi, kwa kuwa ana mtoto wa kike anayesoma mbali na hataki kusema lolote kabla hajamuuliza. Imamu akatuuliza kama kumngojea binti huyo kuna asili katika fiqhi. Tukamwambia akisome tena kisa cha Miswar.